Nilimsikia kwa Miguu

Mimi ni mtu wa Obokote, huku kwetu Maniema. Bahari sikuijua ila kwa kusimuliwa. Mwaka 1988, nikiwa kijana, niliondoka kutafuta kazi. Kutoka Kindu nilipanda treni mpaka Kalemie, nikavuka ziwa Tanganyika kwa meli mpaka Kigoma, kisha treni tena, zaidi ya kilometa 1,200, mpaka Dar es Salaam. Huko nikapata kazi ya kubeba mizigo.

Mchana mji ule ulikuwa wa kazi. Usiku wa Jumamosi ulikuwa wa dansi. Bendi zilikuwa nyingi. Nyingine zilikuwa mali ya vyama na mashirika, yaliyonunua magitaa na kuwalipa wanamuziki mshahara kama makarani. NUTA Jazz, iliyozaliwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Wakati wangu iliitwa Juwata. Wakongo wenzetu walikuwa na Maquis. Watu walicheza mpaka usiku wa manane, na kazini wakabishana bendi gani imewashinda wenzake.

Lakini mimi nilikuwa na wangu: Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga katika bendi ya Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili juu ya umaskini na juu ya kifo. Fikirini, mtu wa kwetu anashangiliwa na mji mzima! Nilijiona ndugu yake, ingawa hakunijua.

Wimbo wa dansi wa kule una sehemu mbili. Kwanza hutangulia maneno, polepole, watu wakisikiliza. Kisha magitaa hushika mbio. Sehemu hiyo waliiita chemko. Mimi niliingojea chemko tu.

Siku moja ya mshahara nikaletewa barua. Mama hakujua kusoma wala kuandika, mwalimu alimwandikia. Alisema: "Mwanangu, mdogo wako amerudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo. Tunakungoja wewe." Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikasema moyoni mwangu: Kesho nitampa fedha msafiri wa Kigoma. Usiku nikaenda dansini.

Ukapigwa wimbo juu ya kifo. Wengi walisimama kimya. Mama mmoja karibu nami alifuta machozi. Mimi nilinunua bia. Chemko ilipokuja nikapanda jukwaani, nikambandika mpiga gitaa noti kwenye kipaji cha uso, ili watu wajue kwamba yupo mtu wa Maniema. Nikabandika ya pili, na ya tatu.

Asubuhi nilihesabu zilizobaki. Hazikutosha. Msafiri akaondoka mikono mitupu, na mdogo wangu hakurudi darasani tena.

Remmy mwishoni mwa maisha yake aliacha dansi, akaimba nyimbo za dini. Alifariki Desemba 13, 2010. Pale Sinza alipokaa, watu wangali wanapaita Kwa Remmy. Habari ilinikuta nimekwisha kurudi Obokote zamani. Mdogo wangu analima mpunga karibu na nyumba yangu. Hajanilaumu hata siku moja. Lakini kila barua inayomfikia huja nayo kwangu, huketi, hungoja nimsomee. Na kila mara mikono yangu huwa mizito.

Wengine husema dansi yenyewe ni dhambi. Mimi siwezi kusema hivyo. Mwimbaji yule alinieleza mambo ya maskini na ya kufa, mambo ya kweli kabisa. Mimi nilimsikia kwa miguu, si kwa masikio. Kosa ni langu.

Basi ninyi vijana mnaokwenda mijini, Kisangani, Goma au pwani, mshahara ukiingia mkononi, fungu la nyumbani litoke kwanza, siku ile ile, kabla jua halijatua. Halafu kachezeni. Wazee walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao.