Mtoto Niliyemtoa Nje



Watu wengi hudhani kwamba kufundisha watoto wa matenele ni kazi ya kuimba na kupiga makofi tu. Hata mimi nilidhani hivyo. Mwaka 2022, nilipokuwa katika mwaka wa mwisho wa masomo ya ualimu, tulitumwa kufanya staji ya wiki sita, kila mmoja katika kalasi yake. Mimi nikapewa watoto wenye miaka minne, katika shule moja ya mtaa wa Kikula, hapa Likasi. Nikafurahi sana, nikawaambia wenzangu: "Ninyi mtahangaika na hesabu za wakubwa, mimi nitapumzika." Kumbe, nilikuwa sijui neno.

Ulikuwa mwezi wa Novemba. Mvua zilikuwa zimeanza, na udongo mwekundu umeshika viatu vyote. Watoto walikuwa 46. Siku ile ya kwanza, kabla ya kufundisha neno moja, niliosha miguu, nilifunga kamba za viatu, nilipangusa makamasi, nilitafuta kofia iliyopotea, nikawabembeleza waliokuwa wakilia mama zao. Ndipo tukasali, tukaita majina, tukaimba, tukahesabu. Baadaye watoto wakaenda kucheza chini ya mwembe, wakarudi kula walichopewa nyumbani: huyu mkate, huyu kiazi kilichochemshwa, huyu hana kitu. Mama mwenye kalasi akaukata mkate wake mwenyewe vipande vipande, akawagawia wale wasio na kitu, wala hakusema neno. Ilipofika saa sita mimi sikuwa na sauti tena.

Watoto walimwita mama huyo Mama Mkubwa, na mimi wakaniita Mama Mdogo. Jioni ile aliniambia: "Mwanangu, usihesabu kwanza waliojua somo. Hesabu kwanza waliocheka leo." Nikaitikia, "Ndiyo, Mama," lakini sikumwelewa.

Maana kichwa changu kilikuwa kimejaa daftari. Nilijua kwamba Bwana Fröbel, Mjerumani, alifungua nyumba ya kulelea watoto wadogo mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina la bustani ya watoto. Nilijua kwamba Mama Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza tarehe 6 Januari 1907 mjini Roma, katika mtaa wa San Lorenzo. Ulikuwa mtaa wa watu maskini, na wazazi walipokwenda kazini watoto walibaki peke yao. Tena nilijua kwamba mama huyo alitaka mwalimu amtazame mtoto kwanza, kabla ya kumwongoza. Hayo yote niliweza kuyaandika siku ya mtihani. Lakini kujua kwa daftari ni kitu kimoja, na kujua kwa moyo ni kingine.

Katika kalasi ile alikuwamo mtoto mmoja ambaye nitamwita Petro, ingawa silo jina lake. Petro hakusema. Nikimwuliza kwa Kifaransa, kimya. Nikimwuliza kwa Kiswahili, kimya. Wenzake wote wakirudia neno kwa sauti, yeye huangalia vidole vya miguu yake. Wiki mbili zikapita hivyo. Katika daftari langu nikaandika juu yake: "Huyu ni mzito wa akili." Naona haya kuyasema, lakini ndivyo nilivyoandika.

Wiki ya tatu mwalimu wetu wa masomo ya ualimu alikuwa aje kutazama somo langu na kunipa alama. Alama hizo zilihesabiwa kwa diploma. Nilichagua somo la kikubwa na kidogo, pamoja na kuhesabu hata tano, kwa kutumia mawe ya kijani ambayo watoto wa Likasi huyaokota njiani. Nchi yetu ni nchi ya shaba, na jiwe lenye shaba huonyesha rangi hiyo. Usiku sikulala vizuri. Niliwaza: mgeni akimwuliza Petro, naye akanyamaza, nitaonekana sijui kufundisha.

Basi asubuhi, Mama Mkubwa alipokwenda kumpokea mgeni, nilimshika Petro mkono, nikampeleka kwa mzee mlinzi. Nikasema: "Tate, mtoto huyu akae nawe kidogo, tuna wageni." Petro hakulia. Alinifuata tu, kama mtoto aliyezoea kuondolewa. Jambo hilo laniuma hata leo.

Somo lilikwenda vizuri sana. Watoto waliitikia kama kwaya siku ya Pasaka. Nikapewa alama 16 juu ya 20. Wageni walipotoka, nikaenda kumchukua Petro, na moyo wangu ulikuwa mwepesi.

Nilimkuta amechuchumaa chini ya dirisha la kalasi. Mbele yake alikuwa amepanga mawe: jiwe moja, kisha mawili, kisha matatu, hata matano. Kando yake alikuwa amepanga mstari mwingine, kutoka jiwe dogo hata jiwe kubwa. Mzee mlinzi akacheka, akasema: "Mama, mtoto huyu amefanya kazi yako yote. Alikuwa akichungulia dirishani, kisha anashuka na kupanga. Tena anahesabu vizuri, ila anahesabu kwa Kisanga."

Wasomaji wapenzi, nilikosa la kujibu. Mtoto niliyemtoa nje alikuwa amelifanya somo langu lote akiwa nje.

Nikaenda kwa Mama Mkubwa, nikamwambia yote. Nilidhani atanikaripia. Akanyamaza kwanza, kisha akasema: "Nenda kwa nkambo wake, ukaombe radhi." Dominika, baada ya Misa, nikaenda. Nilimkuta bibi huyo akiuza makala, mafungu madogo madogo, mikono imekuwa myeusi. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipiwi, lakini matenele yale yalilipiwa. Na mafungu yale ya makala ndiyo yaliyomlipia Petro. Nikapiga magoti, nikapiga makofi ya heshima kama ilivyo desturi kwetu, nikaungama kosa langu. Naye akanieleza: mama yake Petro alifariki kijijini, upande wa Bunkeya, na mtoto alifika mjini wakati wa baridi. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya ugenini, na Kifaransa zaidi. Bibi hakunikasirikia. Alinifundisha kuhesabu kwa Kisanga, na maneno ya kusema njoo, keti, umefanya vizuri. Nilipoyatamka, alicheka hata akafuta machozi.

Siku ya pili yake nikamwamkia Petro kwa lugha yake. Akainua macho. Hakusema kitu. Siku ya nne nilikuwa nikihesabu mawe kwa Kisanga mbele ya wote, nikakosea. Petro akasimama, akalitamka neno lililo sawa. Kumbe neno lake la kwanza katika kalasi lilikuwa la kumsahihisha mwalimu! Tukacheka wote, naye akacheka. Kabla ya Noeli alikuwa akihesabu kwa Kiswahili hata kumi, na kwa Kifaransa alikuwa ameanza.

Wako wanaosema kwamba lugha ya nyumbani inapoteza wakati shuleni. Mimi naona ndiyo daraja la kuvukia. Hata sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitaja lugha za taifa na lugha za mahali pamoja na Kifaransa.

Nilimwambia pia mwalimu wetu jinsi nilivyozipata alama zile. Alifikiri kidogo, akaondoa mbili, akasema: "Hizi utazilipa katika kazi yako." Naendelea kuzilipa.

Katika Injili ya Marko, sura ya 10, tunasoma habari ya wanafunzi waliotaka kuwazuia watoto wasimfikie Bwana wetu. Zamani nilidhani walikuwa na roho mbaya. Sasa nawajua vizuri. Walitaka tu mambo yaende sawasawa mbele ya mgeni mkubwa, kama mimi. Lakini Bwana aliwakasirikia, akawakumbatia wale watoto waliokuwa wakizuiwa.

Kwa hiyo nawaomba, wazazi: mkimleta mtoto shuleni, mwambieni mwalimu ni lugha gani anayoisikia nyumbani. Nanyi walimu vijana wenzangu, siku ya wageni, kabla ya kufunga mlango wa kalasi, tazameni nje kwanza kama hakuna mtoto aliyebaki chini ya dirisha.