Majira ya Moteri



Leo nataka kuwaeleza kazi moja ya mafundi wa motokari, nayo ni kuweka majira ya moteri. Nimeitazama kwa macho yangu hapa Kindu, na tangu siku ile nafundisha katekisimu kwa namna nyingine kidogo.

Motokari ya parokia yetu ni Land Cruiser ya kale, yenye moteri ya Toyota iitwayo 2F: silinda sita, nayo hutumia esansi. Ndiyo inayovuka Lualaba kwa kivuko mpaka Alunguli na kushika njia ya Kalima, ikimpeleka Padre kwenye makapela ya mbali. Moteri ilipochoka, ilifunguliwa yote ili itengenezwe upya. Miezi mitatu Padre alisafiri kwa pikipiki, na wagonjwa wasioweza kukaa juu ya pikipiki walichukuliwa kwa machela. Basi kila mtu aliingoja.

Yafaa kwanza tujue moteri inavyofanya kazi. Mwaka 1862 Mfaransa Alphonse Beau de Rochas alieleza kwa maandishi mwendo wa hatua nne, na mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto aliunda moteri iliyoufuata. Hatua ndizo hizi: pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na esansi, hupanda na kuikandamiza, cheche ya buji huiwasha, na moto huisukuma pistoni chini kwa nguvu, kisha pistoni hupanda tena na kutoa moshi nje. Hatua ya tatu peke yake ndiyo inayoendesha gari. Zile nyingine huitumikia.

Pistoni zote huzungusha chuma kimoja kiitwacho vilbrekeni. Milango ya hewa na moshi, yaani supapu, hufunguliwa na chuma kingine chenye vinundu, ndicho arbrakamu. Hatua nne zahitaji mizunguko miwili ya vilbrekeni, na kila supapu hufunguka mara moja tu katika hatua hizo. Kwa hiyo vilbrekeni ikizunguka mara mbili, arbrakamu huzunguka mara moja, na gurudumu lake la meno lina meno maradufu. Juu ya magurudumu hayo kiwanda kimetia alama, na fundi anapoyarudisha hana budi kuzielekeza alama moja kwa nyingine. Akikosea jino moja tu, supapu zitafunguka nje ya wakati wake, na moteri itakuwa dhaifu hata ukihangaika nayo kwa nje siku nzima.

Vijana wa garaji walizielekeza alama hizo sawasawa. Kisha walizungusha moteri mpaka alama ya volani, lile gurudumu zito la nyuma, ikaonekana katika dirisha lake dogo. Pistoni ya kwanza ilikuwa juu. Wakaingiza delko, chombo kinachogawa cheche, mkono wake ukielekea waya wa silinda ya kwanza. Waya nyingine zilifuata utaratibu wa moteri hii, yaani 1-5-3-6-2-4. Hakuna hata moja iliyokosewa. Wakawasha. Loo! Mshindo kama wa bunduki, moto ukaruka kutoka kabureta, na watu wakatawanyika.

Hapo akaitwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Alitazama kimya, kisha akauliza, “Watoto, pistoni iko juu. Juu ipi?”

Hakuna aliyejibu. Naye akaeleza kwamba katika hatua nne pistoni hufika juu mara mbili: mara moja ikiisha kukandamiza hewa, na mara nyingine ikiisha kutoa moshi. Volani huzunguka pamoja na vilbrekeni, basi alama yake huonekana mara zote mbili. Lakini delko huendeshwa na arbrakamu, nayo huijua mara moja tu. Vijana walikuwa wameishika ile ya moshi. Cheche ilikuja wakati mlango wa hewa unaanza kufunguka, ndipo moto ukarudi kwenye kabureta.

Mzee akaondoa buji ya kwanza. Kijana mmoja aliweka kidole gumba juu ya tundu, na mwenzake akazungusha moteri polepole. Alama ilipotokea mara ya kwanza, kidole hakikusikia kitu. Ilipokaribia mara ya pili, pumzi ilikisukuma kidole kwa nguvu. “Ndiyo hiyo,” akasema mzee. Hata hivyo alifungua kifuniko cha juu ili ahakikishe: supapu mbili za silinda ya kwanza zilikuwa zimefungwa na vyuma vyake vimelegea, lakini vile vya silinda ya sita vilikuwa vimebana. Maana pistoni ya kwanza na ya sita hupanda pamoja, bali haziko katika hatua moja. Ndipo akachomoa delko, akaugeuza mkono wake nusu mzunguko, akairudisha.

Lakini kazi haikuisha. Moto wahitaji muda ili uenee, kwa hiyo cheche hutangulia kidogo. Katika moteri hii, ikiwa inanguruma polepole, cheche huja digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu. Mzee alitumia taa ndogo iliyounganishwa na delko, ambayo huwaka pale platine zinapofunguka. Akaigeuza delko kidogo kidogo mpaka taa ikawaka mahali penyewe. Cheche ikiwahi mno, moteri hugongagonga na pistoni zaweza kuharibika, hasa esansi ikiwa mbaya. Ikichelewa mno, moteri hupata joto na kula esansi bila kutoa nguvu.

Wakawasha tena. Moteri ikanguruma vizuri, na Jumapili iliyofuata Padre alivuka nayo kwenda makapelani.

Ndugu wasomaji, seminarini tulifundishwa kwamba Sakramenti ni alama inayoleta neema ile inayoionyesha. Alama ya volani haina uwezo huo. Yasema kweli, lakini yasema nusu tu, na mwenye kuitegemea peke yake aweza kuchoma gari. Nami nilifikiri juu ya wakatekumeni wangu. Kila mwaka kabla ya Pasaka nawauliza maswali, na mwenye kujibu yote bila kusita huandikwa wa kwanza. Majibu hayo ni alama njema, wala sitayaacha. Lakini kijana mmoja alizitaja amri zote kumi, naye hasemi na ndugu yake kwa ajili ya shamba. Mama mmoja mzee husahau ya sita na ya saba, naye amelea yatima watatu wa jirani aliyekuwa adui yake. Wote wawili wafika juu. Pumzi iko kwa mmoja.

Kwa hiyo sasa, baada ya maswali, naenda nyumbani kwao. Nakaa barazani, nawasalimu jirani, nasikiliza. Kazi hii yachukua siku nyingi, na mvua hunikuta njiani. Wazazi wa ubatizo na wazee wa mashirika, nawaomba mje tusaidiane, maana kidole kimoja hakitoshi kwa wote.