Gitaa Safarini: Kutoka Chinsapo Hadi Dzaleka

Chinsapo ni kitongoji chenye watu wengi katika jiji la Lilongwe, nchini Malawi. Asubuhi na mapema baiskeli za abiria, ziitwazo kabaza, hupenya kati ya magunia ya mkaa na matenga ya nyanya kuwahi mabasi madogo. Katika msongamano huo mwenye gitaa hutambulika upesi: kabla hajajitafutia kiti, hutafuta kwanza mahali pa kuliweka gitaa lake.

Safari ya Dzaleka si ndefu, kwani kutoka Lilongwe ni kilometa zipatazo 45. Barabara huelekea kaskazini kupitia Lumbadzi, karibu na uwanja wa ndege wa Kamuzu, kisha msafiri hushika njia ya wilaya ya Dowa. Enzi za Rais Kamuzu Banda, Dzaleka palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi. Kambi hiyo ilikusudiwa watu wapatao 10,000, lakini leo inao zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ndiyo maana mgeni husikia Kiswahili sokoni kama kwamba yupo Bukavu au Kigoma.

Na penye Wakongo hapakosi gitaa. Mwaka 2014 Trésor Nzengu Mpauni, msanii wa Kongo ajulikanaye kwa jina la Menes la Plume, ambaye mwenyewe aliishi kambini hapo kama mkimbizi, alianzisha Tamasha la Tumaini. Wanamuziki hufika huko na vyombo vyao kutoka mijini na hata nchi za nje. Kwa mkimbizi, gitaa si pambo la ukutani bali ni jembe lake. Likivunjika njiani, arusi ya Jumamosi imempita, na pengine chakula cha wiki nzima pia.

Ajali hizi haziwapati maskini peke yao. Mwaka 2008 gitaa la Dave Carroll, mwimbaji wa Kanada, lilivunjika mikononi mwa wapakuzi wa mizigo ya ndege. Mwaka uliofuata aliutungia mkasa huo wimbo uliosikika dunia nzima.

Gitaa huvunjika hasa pale shingo inapokutana na kichwa. Basi kasha jema si lile linalong'aa, bali ni lile linaloishika shingo barabara. Mfuko wa kitambaa wafaa kubebwa mgongoni tu. Mzigo utakaowekwa chini ya mizigo mingine wahitaji kasha gumu la plaiwudi au plastiki nzito. Gitaa likiwa ndani, kasha lifungwe na kutikiswa polepole. Kikisikika kishindo, lina nafasi ya kucheza. Nafasi hiyo ijazwe kwa sponji au nguo laini, hasa chini ya shingo na pande zote za kichwa. Nyuzi zilegezwe kidogo, zisifunguliwe zote. Likitumwa kama kifurushi, kasha litiwe ndani ya boksi kubwa zaidi lenye vijazo pande zote.

Adui wa pili ni joto. Mwezi Oktoba jua la Lilongwe ni kali, na gari lililofungwa huwa kama tanuri. Gundi hulainika, na daraja linaloshika nyuzi huweza kubanduka. Gitaa lisiachwe ndani ya gari, wala lisifungwe juu ya paa.

Familia za askari huyajua mambo ya uhamisho, na waliocheza ngoma za Mwenge Jazz au Polisi Jazz wanajua thamani ya chombo kilichotunzwa. Baba au mama anayefungasha gitaa la mwanawe na alikague kasha usiku wa kuamkia safari, wala asingoje mpaka honi ya basi imlie mlangoni. Tahadhari kabla ya hatari.