Kinyama Kikubwa kwenye Utumbo, na Swali Mnaloniuliza

Tangu niseme madhabahuni kwamba nilitolewa kinyama kwenye utumbo mpana, simu haijapumzika. Wengi mnauliza jambo moja: "Pasta, kikubwa hivyo kinatolewaje bila kupasuliwa tumbo? Ni salama?"

Changu kilikuwa sentimita 3. Kikifika 2 tayari madaktari wanakiita kikubwa. Vinyama hivi, polipu, vingi si saratani, lakini kuna vinavyogeuka vikiachwa miaka mingi. Na haviumi. Mimi sikusikia chochote.

Kinatolewa kupitia kipimo cha kamera, kolonoskopi. Daktari anadunga maji chini ya kinyama ili kiinuke kutoka kwenye ukuta wa utumbo, kisha anakizungushia kitanzi cha waya na kukikata. Kikubwa hukatwa vipande vipande. Jioni nilikuwa nyumbani. (Usiku wa kunywa dawa ya kusafisha tumbo, huo ndio mkesha!)

Hatari zipo, sitawaficha. Utumbo hutoboka kwa mtu 1 au 2 hivi kati ya 100. Wengine hutokwa na damu, hata wiki moja au mbili baadaye. Ukiona damu nyingi, maumivu makali ya tumbo au homa, nenda hospitali kwanza. Ombi la maombi utalituma ukiwa njiani. Lakini upasuaji wa kuondoa sehemu ya utumbo una hatari kubwa zaidi, ndiyo maana kwa kinyama kisicho na saratani njia ya kamera hutangulia. Kwa mikono iliyozoea, zaidi ya 9 kati ya 10 hufanikiwa. Muulize daktari bila aibu: vikubwa kama hivi umetoa vingapi?

Mpendwa, usiniambie kukubali mashine ni kukosa imani. Isaya alimpelekea Hezekia neno la uponyaji, na bado akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu.

Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari mapema, usiziache mwenyewe. Na kurudi, wengi hawarudi! Kilichokatwa vipande kinaweza kuota tena palepale, kwa hiyo unaangaliwa baada ya miezi 6 hivi. Yangu inatimia mwezi ujao. Mnikumbuke.

Siku ya kutolewa hutaruhusiwa kuendesha gari. Ukikosa wa kukusindikiza, niandikie.