Lami ya Ndani



Juzi niliweka hapa picha ya ile boti ya faiba tuliyoichangia, na baadhi yenu mkaniuliza, "Pasta, mbona bado ni ya kijivu? Pesa zetu zilienda wapi?" Ni swali la haki. Pesa ni sadaka yenu, kwa hivyo leo nawajibu, na pia nina jambo la kukiri.

Mnakumbuka boti yenyewe. Mzee wetu mmoja wa kanisa alikuwa ameiacha uani kwake Umoja miaka mingi, kuku wakitagia ndani. Kijana wetu wa Dandora alipokosa kazi akaenda Mbita kuvua samaki na mjomba wake, kwa boti ya kukodi. Mama yake ni mjane. Alipoleta ombi lake, mzee akaitoa boti bure, nasi tukachanga shilingi 18,500 za kuipaka rangi. Mimi nikatangaza madhabahuni tarehe ya kuiweka wakfu.

Sasa nakiri. Nilichokuwa nikikiona akilini ni rangi nyekundu ya kung'aa, jina la kanisa ubavuni, na picha nzuri ya kuweka hapa. Nilikuwa tayari kumaliza pesa zote kwa rangi ya juu.

Aliyenizuia ni fundi wa kupaka matatu pale Kariobangi Light Industries. Haji kanisani kwetu. Alilowesha kitambaa kwa thina, akakikandamiza juu ya rangi kuukuu kwa dakika chache. Rangi ikalainika, ikatoka na kitambaa. Akaniambia, "Pasta, hii ni rangi ya kawaida. Ukiweka juu yake ile kali ya kuchanganywa na hadina, itakunjamana kama utando wa maziwa."

Kisha akanionyesha chini ya boti. Kulikuwa na malengelenge. Akatoboa moja kwa msumari, kikatoka kimaji chenye harufu ya siki. Faiba ilikuwa imekunywa maji. Na nyuma, mahali panapofungwa injini, akakwangua rangi, tukaona ufa.

"Ukiifunika hivi," akasema, "itang'aa Jumapili yako. Lakini atakayepanda ni mtoto wa nani?"

Nilirudi nyumbani kimya. Jumapili nilisimama mbele yenu nikafuta ile tarehe, na sikuwaambia sababu yote. Niliona aibu.

Hivi ndivyo pesa zilivyotumika. Kwanza sabuni na thina za kuondoa mafuta, maana ukipiga msasa kabla ya kusafisha unayasukuma mafuta ndani, na rangi haitashika. Halafu msasa, namba 80 kwenye malengelenge, kisha 120, mwisho 220. Tulinunua maski pia, kwa kuwa vumbi la faiba si la kuvuta. Kisha tukaiacha ikauke chini ya mabati wiki sita. Hiyo haikugharimu shilingi, iligharimu subira.

Ufa tuliuziba kwa kitambaa cha faiba na resini. Mashimo ya chini tulijaza kwa epoksi, si ile puti ya kunyoosha magari, kwa sababu ile hunyonya maji. Mwisho tukapaka praima ya epoksi mara mbili, na hapo ndipo pesa nyingi ziliishia. Hiyo ndiyo kijivu mliyoiona.

Epoksi haipendi jua, kwa hivyo lazima ifunikwe. Rangi bora ya hadina ni ghali, na kuipuliza kunahitaji kifaa maalumu cha kupumulia ambacho hatuna. Tutapaka rangi ya mafuta ya kawaida, kwa rola na brashi, baada ya kuosha praima na kuigusa kwa msasa. Nimechagua nyeupe, haishiki joto sana. Itachakaa mapema kuliko ile ghali, lakini kijana ataweza kuirudia mwenyewe. Na kwa kuwa boti italala ufuoni kila siku baada ya kazi, haitakaa majini, hiyo inatosha. Ile rangi ya kuzuia viumbe vya baharini kushika chini ya boti hatuihitaji, ziwa ni maji baridi.

Mpendwa, fungua Mwanzo 6. Mungu alimpa Nuhu vipimo vya safina: urefu mikono 300, mlango, vyumba, na lami, pande zote mbili, ya ndani na ya nje. Rangi haikutajwa. Na ile lami ya ndani, nani angeiona? Waliokuwemo tu, maji yalipokuja.

Mimi ni mchungaji, najua kupaka. Naweza kuhubiri mkapiga makofi, na wiki nzima sijasema neno jema na mke wangu. Usiku ule nilimwomba msamaha. Hakujibu haraka. Kukausha huchukua muda.

Na wewe? Kuna mkopo wa simu unaomficha mwenzako? Kuna ndugu unayemsalimia ibadani huku moyoni umemfungia mlango? Usikimbilie rangi. Acha Bwana atoboe, hata kama itanuka. Wanaopanda boti yako ni watoto wako.

Jumamosi hii tunapaka nyeupe. Umande ukishakauka tunaanza, na tutamaliza kabla ya jioni. Njoo na nguo kuukuu. Jina la kanisa halitaandikwa, mama yake ndiye atakayechagua jina. Risiti zote ziko kwa mweka hazina, karibu uzione.

Mbarikiwe. Amina.