Mkato na Kitenzi: Kumbukumbu za Msahihishaji wa Prufu

Miongoni mwa makosa yanayopita mbele ya msahihishaji wa prufu, yaani mtu anayeisoma nakala ya majaribio kabla maandishi hayajachapwa, hakuna linalojificha kama lile la sentensi mbili kuandikwa kana kwamba ni moja. Kosa hilo huja kwa sura mbili: katika ya kwanza sentensi hugandana bila alama yoyote kati yake, na katika ya pili hutenganishwa kwa mkato, ambao wengine huuita koma, mahali palipohitaji nukta. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyestaafu baada ya dawati la wasahihishaji kuondolewa na kazi yake kuachiwa kompyuta, alipambana na sura zote mbili kwa zaidi ya miaka 30, na analolibishania hadi leo ni kwamba katika Kiswahili kosa hili halianzii kwenye alama bali kwenye kitenzi.

Alizaliwa pwani ya Tanga, akasoma chuoni, yaani madrasa, na kisha shule ya msingi, ambako alifundishwa, kama wengi wa rika lake, kwamba mkato huwekwa pale msomaji anapovuta pumzi. Fundisho hilo limeharibu kurasa nyingi, kwa kuwa pumzi ya mtu na mpaka wa sentensi havikutani kila mara: mwenye pumzi fupi hutenga kiima na kiarifu chake, na mwenye pumzi ndefu huzoa aya nzima kwa mkupuo mmoja. Katika miaka ya 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji jijini Dar es Salaam, wakati herufi zilipokuwa bado za risasi na nukta moja iliyosahauliwa ingeweza kulazimu mstari mzima utengenezwe upya.

Chumba cha prufu kilikuwa chini ya msahihishaji mkuu ambaye vijana walimwamkia shikamoo na kumwita Mzee tu. Mzee hakuwaruhusu kugusa alama yoyote kabla hawajapigia mstari vitenzi vyote vya aya, kwa hoja kwamba kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake kiima, wakati na hata yambwa, yaani mtendwa, kiasi kwamba neno moja kama “hatukumwona” ni sentensi iliyokamilika. Kwa sababu hiyo “Walifika walichoka hawakula” ni sentensi tatu katika maneno matatu, lakini jicho lililozoea kusaka sentensi ndefu huipita bila kushtuka. Kinyume chake, sentensi ya maneno 60 yanayoshikana kwa “-po-”, “-ki-” na “amba-” yaweza kuwa timamu kabisa, kwa kuwa urefu si ugonjwa.

Dawa za kosa hili ni zaidi ya moja, ingawa wanafunzi wengi hufundishwa nukta peke yake. “Walifika. Walikuwa wamechoka. Hawakula.” ni sahihi, lakini sababu imepotea, na msomaji ameachiwa kazi ya kuitafuta. Kiunganishi huirudisha: “Walifika wamechoka, kwa hiyo hawakula.” Nuktamkato, alama inayotenga sentensi mbili ambazo maana zake bado zinahusiana, hufaa palipo na ulinganisho: “Wageni walifika wamechoka; wenyeji walikuwa macho.” Lakini dawa aliyoipenda Mzee kuliko zote ilikuwa kubadili kitenzi chenyewe: “Walifika wamechoka, wasile.” Hapo “-me-” inaonyesha hali waliyofika nayo, na “wasile” inaungana na tendo lililotangulia bila kuhitaji neno jingine. Waandishi wa leo wanaojua kuitumia “wasile” kwa namna hiyo wanahesabika, na hilo ni hasara.

Mgogoro mkubwa ulizuka miaka kadhaa baadaye, katika shirika jingine la uchapishaji, alipofika mhariri kijana mwenye kanuni aliyoitoa katika vitabu vya sarufi ya Kiingereza, kwamba vitenzi viwili kamili visitenganishwe kwa mkato pekee. Kwa amri yake, “Akafungua mlango, akaingia, akaketi” iligeuzwa kuwa “Akafungua mlango. Akaingia. Akaketi.”, na riwaya nzima ya mwandishi mmoja wa pwani ikaanza kutembea kama askari wa gwaride. Usanifishaji wa Kiswahili haukumpa hoja: Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 kusimamia Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja, ilishughulika sana na tahajia na msamiati, lakini tahajia ni jambo moja na mfululizo wa vitenzi ni jambo jingine. Kiambishi “-ka-” hueleza kwamba tendo linafuata lililotangulia, kwa hiyo chenyewe ni kiungo, na mkato ulio mbele yake unatenga tu bila kubeba mzigo. Katika “Alifungua mlango, aliingia, aliketi” hakuna kiungo hicho, na hapo mhariri yule angekuwa na haki. Alielezwa hivyo kwa maandishi, asijibu. Mwandishi wa riwaya alichukua mswada wake, kitabu kikatoka kwingine kikiwa na mikato yake yote, na mhariri akapandishwa cheo.

Haki inadai isemwe pia kwamba Mzee alizidisha, maana aliruhusu “-ka-” zifuatane bila kikomo. Katika “Bakari akamfuata Salim, akaanguka, akacheka” haijulikani nani aliyeanguka wala nani aliyecheka, kwa kuwa “a-” moja inawatumikia wote wawili. Kiima kinapobadilika hufaa kitajwe kwa jina, au iwekwe nukta na sentensi ianze upya. Mzee hakukubali, akashikilia kwamba asiyejua nani ameanguka hakusoma ukurasa uliotangulia.

Vijana wanaoandika kwa simu wajue kwamba programu inayopigia mstari mwekundu neno isilolitambua inaweza kuipitisha “Mvua ilinyesha, hata hivyo mechi iliendelea” bila kulalamika. “Lakini” huunga sentensi. “Hata hivyo” hurejelea tu yaliyosemwa, na kabla yake panatakiwa nukta au nuktamkato. Wapo wanaoliona hili kuwa dogo, nao ndio wanaorudishiwa miswada.

Katika prufu ya mwisho aliyoisahihisha kabla ya kustaafu mlikuwa na sentensi yenye “-ka-” saba, kiima kikiwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya ile ya nne msahihishaji aliweka nukta kwa penseli, akaifuta, akairudisha, na ukurasa ukaenda mtamboni na alama ya kifutio juu yake.