Natafuta Senta

Mama mmoja wa Dandora anayepika sabuni aliniletea roli ya brasi hapa Kariobangi Light Industries, kipenyo chake milimita 60. Alitaka jina la sabuni yake liizunguke yote, na nakshi ya mawimbi kila upande, herufi zikiwa zimegeuzwa kama za mhuri. Kwenye mashine yangu ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, kazi hiyo haiwezekani bila mhimili wa nne: roli inazunguka huku kisu kinatembea, vyote kwa pamoja.

Asubuhi nzima sikuchonga kitu. Niliifunga roli kwenye chaki, nikaishika kwa senta ya nyuma, nikaweka dayo geji, kipimo cha sindano, juu yake na kuizungusha kwa mkono. Sindano iliruka milimita 0.2. Nikalegeza, nikagonga kidogo kwa nyundo ya mbao, nikakaza, nikazungusha tena. Ilipofika 0.02 ndipo nilipopumua. Kisu cha maandishi kina ncha ya V. Kikizama zaidi upande mmoja, herufi za upande huo hunenepa, na mteja huliona hilo mara moja.

“Fundi, mashine imekwama?”

“Hapana, mama, natafuta senta.”

Kisha hesabu. Mota ya mhimili huo ina hatua 200 kwa mzunguko, dereva huigawa kila moja mara 8, gia ni 6 kwa 1. Hizo ni hatua 9,600 kwa mzunguko wa roli, yaani 26.6667 kwa digrii. Zamani niliwahi kuandika 26.6 nikaona inatosha. Roli ilizunguka digrii 359.1 tu, nakshi ikakosa kukutana na mwanzo wake kwa karibu nusu milimita. Brasi ile niliilipa mwenyewe, na iliniuma.

Vijana ninaowafundisha huponzwa zaidi na mwendo. Amri ya F300 kwenye mstari ulionyooka ni milimita 300 kwa dakika. Mhimili wa nne ukizunguka peke yake, mashine yangu husoma digrii 300, ambazo juu ya roli hii ni milimita 157. Mstari na mzunguko vikichanganyika, kisu hukimbia hapa, hujikokota pale. Ndiyo maana natumia G93, inayoupa kila mstari wa programu muda wake wa kumalizika.

Kuchonga kwenyewe kulichukua dakika 40, na mama alitaka kulipia dakika hizo tu. Nilimwonyesha sindano ya dayo geji, nikamwomba aizungushe roli mwenyewe, polepole. Tukapatana bei ya siku nzima.

Kabla ya kuondoka alitoa mche wa sabuni kwenye kiondo, akaibingirisha roli juu yake palepale mezani, kisha akayafuata mawimbi kwa kidole hadi mwisho wa mche.